Kabla Mifumo Haijaongea: Barua Pepe za Madaktari Wetu Zilivyovuka Miaka ya 90

SEHEMU YA 1

Nimetoka zamu, nimeoga, chai ipo mezani na usingizi umegoma. Wale tuliomaliza pamoja mfululizo wa sindano za kioo, karibuni tena. Leo tunahama chumba cha sindano, tunaenda kwenye kompyuta. Msikimbie, nitaeleza taratibu.

Naanza na kosa langu mwenyewe.

Kuna usiku nilipokea mtoto wa mwaka mmoja na nusu, homa kali, anapumua kwa shida. Amekuja na karatasi ya rufaa imekunjwa mara nne. Kule alikotoka wana mfumo wao wa kompyuta. Sisi tuna wetu. Bima nao wana wao. Hakuna kati ya hiyo mitatu unaoufahamu mwenzake. Kwa hiyo nesi anachukua karatasi, anasoma, anaandika kwenye kitabu, kutoka kwenye kitabu anaandika kwenye kompyuta, kisha anafungua dirisha jingine anaandika tena yale yale. Saa tisa usiku.

Mtoto alikuwa na kilo 12. Mimi nikaandika 21.

Dawa aliyoandikiwa ilikuwa gentamisini, ambayo kwa mtoto tunahesabu miligramu 7.5 kwa kila kilo. Kilo 12 ni miligramu 90. Kilo 21 ni 157 na ushee. Dawa hiyo ikizidi inagusa figo na masikio. Aliyeniokoa ni mfamasia. Alinipigia simu akaniuliza, "Sista, huyu mtoto ana umri gani?" Nikamwambia. Akasema, "Mwaka na nusu, kilo 21? Hebu nenda kamwangalie tena." Nikaenda. Nikarudi nimelowa jasho.

Tangu siku hiyo nikawa na swali: hivi watu waliotutangulia walifanyaje pale mashine mbili zilipokataa kuelewana? Nimesoma miezi kadhaa. Nikagundua kwamba hili tatizo ni kongwe, na kwamba sisi watu wa afya wa Afrika Mashariki tulikuwa katikati yake kabisa.

SEHEMU YA 2

Kwetu ni Magindu, wilaya ya Kibaha, mkoa wa Pwani. Wanaopajua watakwambia reli ya kati inapita. Reli hiyo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Mimi nimekua nikisikia treni kabla sijajua kusoma saa.

Nilipokuwa mdogo, barua haikuja nyumbani kwako. Kijijini nani ana sanduku la posta? Bahasha iliandikwa hivi: Mwalimu Mkuu, shule fulani, S.L.P. fulani, apewe mzee fulani, ampe bibi fulani. Wale wa umri wangu kwenda juu mnalikumbuka hilo neno "apewe". Bahasha moja ilikuwa na majina manne na mwenye barua ni wa mwisho.

Sasa fikirieni hiyo bahasha ilihitaji nini. Mwandishi alitakiwa kuijua njia nzima. Ajue nani anafahamiana na nani. Mwalimu akihamishwa, barua inakaa kwenye droo ya ofisi mpaka ipate kutu. Bibi yangu mzaa baba alipata habari ya msiba wa mdogo wake siku arobaini imeshapita, kwa sababu mtu mmoja katikati ya "apewe" alikuwa amehama. Bahasha haikupotea. Ilikaa tu mahali, haina wa kuisogeza.

Shikeni hiyo picha ya bahasha. Kompyuta za zamani zilituma barua vilevile.

SEHEMU YA 3

Barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa mtandao ilitumwa mwaka 1971 na mhandisi Mmarekani, Ray Tomlinson. Yeye ndo aliyechagua ile alama ya @: jina la mtu upande huu, jina la mashine upande ule. Mtandao wake uliitwa ARPANET, ulilipiwa na jeshi la Marekani, na aliyeruhusiwa kuingia ni mwenye mkataba nao.

Waliobaki nje walifanyaje? Walijitengenezea ya kwao. Na kila kundi lilitengeneza kwa namna yake.

Wenye kompyuta za Unix walikuwa na UUCP, iliyotoka maabara za Bell, ikasambaa sana kuanzia 1979. Mashine moja inaipigia nyingine simu ya kawaida, inakabidhi mzigo, inakata. Anwani yake ilikuwa orodha ya mashine zote za njiani, zimetenganishwa kwa alama ya mshangao. Yaani mashineA!mashineB!mashineC!asha. Someni tena pole pole. Si ndo "apewe" yetu hiyo? Ipe A, naye ampe B, naye ampe C, apewe Asha.

Vyuo vikuu vyenye kompyuta kubwa za IBM vikaanzisha BITNET mwaka 1981. Hawa shida yao ilianzia kwenye herufi zenyewe. Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Mashine nyingi ziliihesabu A kubwa kuwa namba 65. Za IBM ziliihesabu kuwa 193. Kwa hiyo katikati lazima awepo mkalimani wa kubadilisha kila herufi, na zile alama za mabano na mshangao mara nyingi zilifika zimegeuka kitu kingine.

Halafu mwaka 1984 huko San Francisco kijana Tom Jennings akatengeneza FidoNet, mtandao wa watu wa kawaida wenye kompyuta ndogo za mezani. Usiku, simu ikiwa rahisi, kompyuta inaamka yenyewe, inaipigia ya jirani, zinabadilishana barua, zinalala. Anwani ilikuwa namba tupu: kanda, mtandao, kituo. Afrika ilikuwa kanda namba 5.

Wahesabuni sasa. Mmoja anaandika jina na @. Mwingine anaandika njia nzima kwa mishangao. Wa tatu anaandika namba. Na kila mmoja anaona wa kwake ndo sahihi. Kama mifumo yetu ya hospitali, jamani.

SEHEMU YA 4

Sisi Watanzania mfano wake tunao, tena wa chuma.

Reli yetu ya kati upana wake ni milimita 1,000. TAZARA waliyojenga Wachina ni milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, vidole vichache tu, lakini behewa la huku haliwezi kukanyaga kule. Hivyo pale Kidatu mizigo inashushwa upande mmoja na kupakiwa upande wa pili. Na sasa tuna SGR ya milimita 1,435. Nchi moja, reli tatu, hakuna behewa linalovuka.

Ukiwa na hali hiyo una njia mbili. Ya kwanza, ng'oa reli zote ujenge upya. Ya pili, tafuta mahali zinapokutana uweke watu wa kuhamisha mizigo. Watu wa barua pepe walichagua hiyo ya pili. Hayo mahali wakayaita lango. Lango ni kompyuta yenye mguu mmoja huku na mmoja kule. Inapokea barua ya namna hii, inavua bahasha, inaiandika upya kwa namna ile, inaisukuma mbele.

Mtu aliyejulikana sana kwa kazi hiyo ni Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Pale chuoni mashine nyingine zilikuwa ARPANET, nyingine UUCP, nyingine kwenye mtandao wa ndani. Akaandika programu iliyoitwa sendmail, ikatoka 1983, ambayo kazi yake kubwa ni kusoma anwani ya mtindo wowote na kuiandika upya.

Nayo haikuwa rahisi. Chukueni anwani kama kibaha!asha@moro (nimeitunga mimi). Mashine moja inasoma: nenda moro kwanza, moro atapeleka kibaha, asha yupo huko. Nyingine inasoma: nenda kibaha kwanza, kibaha atapeleka kwa asha aliyeko moro. Maandishi ni yale yale, safari ni mbili tofauti. Na zote mbili zina haki, kila moja imefuata sheria ya kwao.

Hapo mimi nilisimama nikacheka peke yangu. Kwenye fomu za rufaa kuna kisanduku kimeandikwa "tarehe" tu. Tarehe ya kuugua, ya kufika, au ya kuandikwa rufaa? Kila kituo kina jibu lake, na wote wako sahihi.

SEHEMU YA 5

Turudi nyumbani.

Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wengi hamkulijua hili. Kompyuta za mahesabu ya serikali zilileta hasara na fujo, na fedha za kigeni hazikuwepo, ikaonekana bora zifungiwe. Marufuku ililegea taratibu miaka ya 80. Kwa hiyo wenzetu walipokuwa wanagombana mambo ya mshangao na @, sisi tulikuwa hatuna hata mashine ya kugombania.

Zilipoanza kuja, kikwazo kikawa simu. Laini chache, mvua ikinyesha zinakoroma, na simu ya nje ya nchi bei yake haishikiki. Kwa hali hiyo mtandao wa kuunganishwa muda wote ulikuwa ndoto. Lakini FidoNet? FidoNet ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa namna yetu. Haihitaji kompyuta kubwa. Haihitaji laini safi. Simu ikikatika inapiga tena na kuendelea. Inakusanya barua zote, inazibana ziwe ndogo, inazituma kwa mkupuo.

Pigeni hesabu nami. Modemu ya wakati ule ya biti 2,400 kwa sekunde inapitisha herufi kama 240 kila sekunde. Barua ya herufi 2,000, yaani ukurasa mmoja uliojaa, ni sekunde nane au tisa. Ikibanwa inapungua zaidi. Dakika tatu za simu ya kimataifa zinabeba barua za ofisi nzima. Linganisheni na faksi, ukurasa mmoja mmoja, tena wino umefifia.

Nairobi palikuwa na kituo muhimu kwenye ofisi za mashirika ya mazingira, ELCI. Kampala, pale Makerere, palikuwa na kituo kilichoitwa MUKLA, na jina linalotajwa hapo ni Charles Musisi, huyo huyo ambaye baadaye alisimamia anwani za Uganda zinazoishia na .ug. Vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe viliunganishwa kwa mradi wa ESANET, kwa msaada wa shirika la utafiti la Kanada, IDRC.

Na lango lao wengi wa hawa lilikuwa London, kwenye shirika dogo liitwalo GreenNet. Huko alikuwepo dada mmoja, Karen Banks, ambaye kuanzia 1990 mpaka 1997 aliendesha lango kati ya FidoNet na mitandao mingine. Upande mmoja vituo vya Afrika na Asia vinavyoongea kwa namba, upande wa pili dunia inayoongea kwa @. Mwaka 2013 aliingizwa kwenye orodha ya heshima ya watu walioijenga intaneti. Kwa wengi wetu jina hilo ni geni, lakini barua nyingi za watu wa huku zilipita mikononi mwake.

Anwani za Makerere wakati ule ziliishia na mukla.gn.apc.org. Isomeni kutoka kulia kurudi kushoto: shirika, umoja wa APC, GreenNet, halafu Makerere. Ile "apewe" bado ipo ndani yake, ila imepangwa vizuri. Mwandishi wa Marekani hakuhitaji tena kujua kwamba baada ya London kuna simu itapigwa usiku kwenda Kampala. Ya London aliachiwa London.

SEHEMU YA 6

Sasa kitu chetu, watu wa wodini.

Mnaijua ile mashine ya kushtua moyo kwa umeme? Aliyeifanya ile ya umeme wa mkondo mmoja ikafaa kutumika, mwanzoni mwa miaka ya 60, ni daktari wa moyo Bernard Lown wa Boston. Huyo huyo alianzisha pamoja na mwenzake wa Urusi, Yevgeny Chazov, chama cha madaktari wanaopinga silaha za nyuklia, na chama hicho kikapata Nobeli ya amani mwaka 1985. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 80 akaja na wazo jingine. Alisema kama anga inaweza kujazwa silaha, basi inaweza pia kubeba habari za tiba kwa madaktari wasio na majarida. Akaanzisha shirika la SatelLife, na mtandao wake ukaitwa HealthNet.

Walitumia setilaiti ndogo zilizotengenezwa na watu wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza. Kwanza walipewa nafasi kwenye moja iliyorushwa Januari 1990, kisha wakapata ya kwao, HealthSat-2, iliyorushwa tarehe 26 Septemba 1993. Uzito wake ni kama wa mwanafunzi wa sekondari. Inazunguka juu kama kilomita 800, mzunguko mmoja ni takriban dakika 100, inapita karibu na ncha za dunia, na dunia inajizungusha chini yake. Hivyo kila mahali inapita mara kadhaa kwa siku, dakika chache tu kila mara.

Haikuwa ya kuongea moja kwa moja. Ilikuwa tarishi. Ikipita juu ya Dar es Salaam inachukua barua, inazihifadhi tumboni, ikifika juu ya kituo cha upande mwingine inazishusha. Sisi wa Magindu tungeiita treni ya mizigo: inasimama dakika chache, pakia, shusha, imeondoka. Ukichelewa, subiri ijayo.

Tanzania ilikuwa kati ya nchi za mwanzo, pamoja na Kenya, Uganda, Zambia, Msumbiji na Zimbabwe. Kwetu kituo kilikuwa Muhimbili. Na pale laini za simu zilipokuwa na unafuu, HealthNet haikung'ang'ania setilaiti, ilitumia simu na mtindo wa FidoNet. Anwani za wa kwetu ziliishia na tan.healthnet.org. Hiyo "tan" ni sisi.

Walitumia kwa kitu gani? Madaktari bingwa wa majeraha ya moto wa Msumbiji, Tanzania na Uganda walishauriana kupitia huo mtandao kuhusu matibabu na upasuaji wa kurekebisha makovu. Aliyewahi kusafisha kidonda cha moto cha mtoto aliyeangukia sufuria ya uji anajua maana ya kuwa na mtu wa kumuuliza. Kulikuwa pia na gazeti la HealthNet News, muhtasari wa majarida ya tiba, kwa watu ambao maktaba yao haijapata jarida jipya kwa miaka. Na mwaka 1994 ilipoanzishwa huduma ya ProMED ya kupashana habari za milipuko ya magonjwa kwa barua pepe, SatelLife ndo waliisaidia upande wa mitambo. Mwaka uliofuata Ebola ikalipuka Kikwit, Zaire, na habari zake zikasambaa kwa njia hiyo kwa madaktari wa dunia nzima.

SEHEMU YA 7

Wengi mtajiuliza: je, barua zilifika kweli? Zilifika. Lakini lango lina tabia zake, na hapa ndo somo langu lilipo.

Kwanza, lango linakata. Barua ya FidoNet ilikuwa na nafasi ya herufi 36 tu kwa jina na 72 kwa kichwa cha habari. Upande wa pili hakuna ukomo huo. Kichwa kirefu kikipita, mkia unabaki langoni. Huoni alama wala onyo. Unasoma "mgonjwa hana mzio wa" na sentensi imeishia hapo.

Pili, lango linataka utaratibu wake. Mtu wa FidoNet akitaka kumwandikia mtu wa intaneti, anwani ndefu yenye @ haikuwa na pa kuingia. Basi barua unaiandikia lango lenyewe, na ndani, mstari wa kwanza kabisa, unaandika anayekusudiwa. Ukisahau huo mstari, barua inafika langoni salama salimini na haiendi popote. Ile bahasha ya bibi yangu kabisa.

Tatu, lango linapitisha maandishi matupu. Picha, jedwali, programu, vyote vilitakiwa kugeuzwa viwe herufi kwanza, kisha vigeuzwe tena kule vikifika. Kila mtu alikuwa na njia yake, mpaka mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walipotoa utaratibu mmoja uitwao MIME. Leo ukiambatisha picha ya eksirei kwenye barua pepe, bado unatumia kazi ya hao wawili.

Nne, na hii ndo kubwa: langoni alikuwepo mtu. Mtu wa kuangalia asubuhi barua zipi zimekwama, aliyejua kwamba hii anwani imekosewa herufi moja, aliyepiga simu kuuliza. Karen Banks London, Musisi Kampala, na wengine wengi ambao hawako kwenye orodha yoyote, waliokaa Muhimbili na Nairobi na Lusaka na modemu inayolia usiku. Mashine ilibadilisha herufi. Mtu ndo aliyegundua kwamba maana imepotea.

Yule mfamasia wangu alifanya kazi hiyo hiyo. Mimi nilikuwa lango lililochoka, nikageuza 12 kuwa 21, bahasha ikaenda. Yeye hakuangalia namba tu, aliangalia kama namba inamfaa mtoto.

SEHEMU YA 8 (ya mwisho)

Iliishaje? Haikuisha kwa mmoja kuwaamuru wote. Jaribio la namna hiyo lilikuwepo. Mwaka 1984 wakubwa wa mashirika ya simu duniani walipitisha utaratibu rasmi unaoitwa X.400. Ulikuwa kamili kwenye karatasi: nchi, msimamizi, taasisi, idara, jina la ukoo, jina la kwanza, kila kimoja na kisanduku chake. Anwani moja ilijaza mstari mzima. Watu wakauheshimu na wakaendelea kutumia kitu kingine.

Kilichoshinda ni kile kifupi. Agosti 1982 Jon Postel aliandika kanuni fupi za namna mashine moja inavyomkabidhi mwenzake barua: jitambulishe, sema imetoka kwa nani, inaenda kwa nani, toa barua, kwaheri. Januari 1986 ikaongezwa kanuni nyingine iliyoruhusu jina la anwani liwe la mahali ambapo hata intaneti haipo, ilimradi kuna mashine iliyokubali kupokea kwa niaba yake. Hicho ndo kilichoifanya tan.healthnet.org iwe anwani halali kama ya Harvard, wakati huku kwetu bado tunasubiri simu itoe mlio.

Angalieni walichokubaliana: bahasha. Ndani ya nyumba yako panga vyombo upendavyo. Mlangoni tu ndo tunafuata utaratibu mmoja.

Mwaka 1995 Tanzania tukapata jina letu, .tz. Kampuni za intaneti zikafuata, na Julai 2009 mkonga wa SEACOM ukawashwa Dar es Salaam. FidoNet ikafifia kimya kimya, setilaiti ndogo zikasahaulika. Hakuna aliyezifanyia maziko.

Lakini wodini bado tuko kwenye mwaka 1984. Mfumo huu na mfumo ule, na katikati yao nesi mwenye kalamu. Sisemi hakuna kinachofanyika. Utaratibu wa kubadilishana taarifa za wagonjwa uitwao HL7 ulianza kutengenezwa Marekani mwaka 1987, na mkakati wetu wa taifa wa afya ya kidijitali wa 2019 hadi 2024 ulitaja wazi kwamba mifumo isomane. Ninachosema ni kwamba mpaka siku hiyo ifike kwenye meza yangu ya usiku, lango ni mimi. Ni wewe. Ni yule sista wa zahanati anayeandika rufaa kwa mwanga wa simu.

Kwa hiyo mimi nimejiwekea sheria tatu, nimezitoa kwenye hii historia.

Moja, nikihamisha namba, naisoma kwa sauti kisha namwangalia mgonjwa. Kilo 21 iko wapi hapa? Kama haionekani kitandani, nimekosea.

Mbili, mstari wa kwanza wa rufaa naandika kile ambacho kikikatika kitaua: mzio, uzito, dawa aliyopewa na saa aliyopewa. Mengine yafuate chini. Mkia ukibaki langoni, ubaki mkia.

Tatu, naandika namba ya simu ya zamu. Ili wa upande wa pili asipoelewa, aulize. Hata hao wa London na Kampala hawakuwa na mashine bora kuliko simu ya kuuliza.

Na yule mtoto? Alipewa miligramu 90, akakaa kwetu siku saba, akatoka anamvuta mama yake kanga. Mama hajui kilichotokea kati yangu na duka la dawa usiku ule. Nilimweleza daktari wa zamu na kiongozi wangu, tukaandika kwenye kitabu cha matukio. Mama nilimwambia tu nampima tena uzito kuhakikisha. Hapo bado najiuliza kama ningemwambia zaidi.

Chai imepoa. Bibi angekuwepo ningemwambia kwamba hata wazungu waliandika "apewe" kwenye bahasha zao za kompyuta. Angeuliza swali moja tu: "Na wakihama?"

Usiku mwema. Walioko zamu, Mungu awatie nguvu, na pimeni uzito mara mbili.